Dekoda ya Mathe, Waifai ya Ploti

Goli niliiskia kabla niione.

Nilikuwa kejani, Pipeline, Nairobi, floo ya sita, Jumapili jioni. Simu imeegemea chupa ya maji, waifai ya ploti inajikokota. Kwa skrini yangu winga alikuwa bado ako katikati ya uwanja anatafuta msee wa kupasia. Huko chini kwa base ya kucheki mpira wasee washaruka. Kelele ikapanda ngazi, ikapita floo ya tatu, ikaingia kwangu ikiwa bado moto. Nikajua mpira iko ndani. Chenye sikujua ni nani ameweka. Nusu dakika nzima nilikaa hapo nikingoja kitu yenye ilikuwa imeshafanyika, kama mtu anasomewa wosia na anajua jina yake haimo.

Base wanatumia dekoda. Mimi natumia striming. Na hapo kati ya ngazi na simu yangu ndio kuna ile swali kila mtu Kanairo anadai ashaijibu: hii striming itazika dekoda, ama dekoda bado iko sana?

Ukiuliza mayut wa ploti yetu watakucheka. Dekoda ni ya wazazi. Dekoda ni ile kitu mathe amefunika na kitambaa ya kufuma, juu ya kitambaa kuna ua ya plastiki. Msee wa miaka ishirini na mbili akihamia keja yake ya kwanza, anawaza godoro, mtungi wa gesi wa kilo sita, waifai, sufuria. Dekoda haingii hata kwa stori. Mimi mwenyewe nilitoka Kayole na begi mbili na paswedi ya Netflix yenye si yangu. (Mwenye akaunti anajijua. Asante, beste.)

Na hata ungetaka dish, Pipeline yenyewe imekataa. Cheki hii. Setilaiti yenye inatuletea DStv huku imekaa digrii 36 mashariki, na Nairobi iko karibu hapo hapo, digrii 36 na ushei. Maanake iko juu ya utosi yetu. Ndio maana dish za Nairobi haziangalii kando kama zile za muvi za majuu. Zinaangalia juu wima, kama sufuria inakinga mvua, na kuna mafundi hutoboa kashimo chini ndio maji itoke. Sasa wewe uko floo ya sita kwa ploti ya floo nane, balkoni yako imefunikwa na balkoni ya jirani, na mita mbili mbele kuna ploti ingine imesimama kama ukuta wa jela ya Kamiti. Hiyo dish itaona anga ya nani? Itabidi uipeleke juu kabisa, ulipe fundi, ulipe waya ya kushuka, ukatie keateka kitu kidogo ndio afungue mlango wa juu. Hapo ndio waifai ilitupata. Waya moja nyembamba kama kamba ya viatu, inarushwa kutoka kwa nguzo hadi dirishani, na jioni hiyo hiyo uko hewani. Ukisimama chini ya ploti zetu uangalie juu, mawingu huoni. Unaona waya.

Lakini wacha nirudi nyuma kidogo, juu kuna wasee wanadhani hii vita ilianza na Netflix.

Kayole tukikua, TV ya kulipia ilikuwa ya wadosi. Sisi tulikuwa na video. Kibanda ya mabati, benchi, pazia nyeusi, ashu mlangoni, na DJ Afro anakusimulia muvi mpaka unasahau wale wahusika hawajui Kiswahili. Kama hukuishi hiyo maisha: DJ Afro ni jamaa huchukua muvi ya Hong Kong ama ya India, anashusha sauti yao, anaongea yeye. Hakuna mtu aliulizanga muvi inaanza saa ngapi. Inaanza kibanda ikijaa. Baadaye zikakam shimo za CD na flashi. Unaenda na flashi yako, unawekewa series nzima, finje hapa, mbao pale, unarudi kejani unacheki saa yako, unasimamisha ukienda choo, unarudia pale pametamu. Hiyo ilikuwa striming bila intaneti. Kuchagua tulizoea kabla mzungu wa Netflix atue.

Kwa hivyo 6 Januari 2016, siku Netflix ilifungulia Kenya na nchi zingine zaidi ya mia kwa mpigo mmoja, mtaani hakuna mtu alianguka na mshangao. Kitu ilitusimamisha ni kulipa na kadi ya benki. Msee wa Kayole, kadi ya benki ameitolea wapi?

Na TV ya kulipia nayo ilikuwa ishatuonyesha tabia. Wenye mko na miaka yenu mnakumbuka GTV. Ilikam 2007 na bei ya kuvutia na Premier League ndani, watu wakajaa. Kufika mwisho wa Januari 2009, kampuni ikafilisika ikafunga Afrika nzima siku moja. Wateja walilala na mpira wakaamka na skrini nyeusi na dish ya kuanikia omena. Alafu 2015, tarehe 14 Februari, watu wako na maua mkononi, mitambo ya analogi ikazimwa, na Citizen, NTV, KTN na QTV zikapotea hewani zaidi ya wiki mbili juu wenye stesheni na serikali walikuwa wanavutania nani atabeba signo ya dijitali. Neno "dekoda" liliingia kila nyumba hapo, kwa lazima, kama karo.

Sasa skiza, juu hii sitaki ikupite. Dekoda haiuliwi na Netflix. Inauliwa na mwezi.

Kanairo hatuishi kwa mwezi. Tunaishi kwa siku. Unga inapimwa, mafuta ya kupika inapimwa, tokeni za stima unanunua za finje, hata gesi siku hizi kuna ile unalipia kidogo kidogo kwa simu. Msee wa mjengo analipwa jioni. Wa nduthi anapeleka ya mwenye pikipiki jioni. Mama mboga anahesabu jioni. Alafu kuna kampuni inakuja inakuambia: leta pesa ya mwezi mzima leo, na siku zenye stima imepotea ni shauri yako, siku zenye uko job ni shauri yako, siku zenye umeenda ocha kwa matanga ni shauri yako. DStv Premium imepita 10,000 kwa mwezi. Mimi hiyo ni rent na inabaki ya kudishi.

Striming pia ingetushinda hivyo hivyo kama ingekuja na mwezi tu. Chenye iliiokoa ni bando. Kuna ile bando ya gigi moja ya saa moja, kama mbao hivi. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya kawaida inaweza kula mpaka gigi moja. Piga hesabu hapo: mbao moja, saa moja, epi moja. Nilikuwa na rumeti alicheki series nzima hivyo. Ananunua bando, anaangalia saa kwa ukuta, haendi choo, haongeleshwi. Dakika ya hamsini ikifika anaanza kuruka mbele mbele, juu bando iko mlangoni inavaa viatu. Mpaka leo ukimuuliza stori ya hiyo series, mwanzo anakupea poa sana, kila kitu, mpaka rangi ya gari. Mwisho anakuambia "walipatana tu."

Netflix waliskia hiyo harufu. Septemba 2021 walituletea plani ya bure kabisa kwa simu za Android, ikakaa miaka miwili, wakaifunga 1 Novemba 2023. Mwaka huo huo walikuwa washashusha bei, ile plani ya chini ya kucheki kwa TV ikatoka 700 ikawa 300. StarTimes nao walishtuka mapema, wakaanza kuuza vifurushi za siku na za wiki. Wote walikuwa wanajifunza kitu moja yenye mwenye kiosk wa hapa chini alizaliwa akijua: kata kidogo, uza kidogo, mteja atarudi.

Na kuna hii pia. Waifai ya ploti nalipa ngiri na nusu. Hapo ndani kuna job yangu, kuna sista yangu na asaimenti zake za kampasi, kuna TikTok, kuna mathe akipiga na WhatsApp. Netflix inaingia hapo kama chumvi kwa sukuma, ya kuongezea tu. Kusema ukweli, kwa ploti yetu hata si Netflix inachekiwa sana. Ni YouTube. Wasee wanapika chapo huku Abel Mutua anapiga stori, yule yule tulimjua akiwa Freddie wa Tahidi High, saa hizo tukimngoja Citizen jioni na tumekaa chini kwa kapeti. Saa hii hatumngoji. Anatungoja yeye.

Ukilipa dekoda, unapata dekoda. Basi.

Lakini usiharakishe kuandika tanzia. Kuja twende kwa mathe.

Kayole, saa mbili kasoro usiku. Ugali ishaiva, imefunikwa na sahani. Mathe ako kwa ile kiti inaangalia TV moja kwa moja, kiti yenye hata pasta akija hakaliswi hapo. Rimoti bado iko na nailoni ya dukani, "ikiguswa na mafuta itaharibika", mwaka wa nne huu. Anangoja kipindi yake ya Maisha Magic Plus. Mama wa nyumba ya pili anaingia bila kubisha, anakaa, juu malipo ya dekoda yake imeisha tangu juzi. Watacheki pamoja. Watamtusi pamoja yule dem amechukua bwana ya mwenyewe. Watasonya pamoja. Na kesho asubuhi kwa bomba ya maji kesi itaendelea na mama wengine watatu, juu wote waliiona, na wote waliiona saa ile ile.

Nilijaribu kumbadilisha. Nilimnunulia kale kakifaa ka kuchomeka nyuma ya TV, nikamwekea kila kitu, nikamfunza kubonyeza.

"Mathe, sasa unaweza cheki chochote, saa yoyote."

Akaniangalia vile aliniangalia siku nilimwambia nataka kuwa DJ.

"Chochote ndio nini?"

"Chenye unataka."

"Mimi nataka saa mbili."

Maze, nilikosa jibu. Huyu ni mtu ameamka saa kumi za usiku kuenda Marikiti. Ameamua sukuma ya leo ni bei gani, nyanya gani imeoza, nani atakopeshwa na nani ameshazidi. Jioni hataki kuamua tena. Anataka mtu mwingine amuamulie, na awe ameandika saa. Sisi mayut tunaita hiyo ushamba. Alafu usiku tunapitisha picha za muvi kwa simu mpaka chakula inapoa, tunalala bila kucheki hata moja.

Kakifaa kako kwa droo, pamoja na betri zimekufa na risiti za stima. Dekoda iko mezani.

Mwezi ukiisha, si mathe analipa. Ananipigia: "Baba, hii kitu imeandika nilipe." Na mimi nalipa, kwa simu, nikiwa kwa mat ya kuenda job. Hapo ndio dekoda mingi za mtaani na ocha zinapumulia siku hizi. Zinalipwa na mtoto ako Nairobi, ama Mombasa, ama Doha, mtoto mwenye yeye mwenyewe dekoda hana na hana mpango. Hao wazee wakiondoka mmoja mmoja, sijui hiyo bili itamlilia nani.

Sasa turudi base, pale kelele ilitoka.

Base yetu ni mabati, benchi saba, na TV kubwa imefungiwa ndani ya keji ya chuma na kufuli mbili, kama mfungwa hatari. Mlangoni kuna ubao, mechi za leo zimeandikwa na chaki, na bei: bob 30. Mechi kubwa inapanda finje. Rimoti iko kwa mfuko wa shati wa mwenye base, buda mmoja mpole sana mpaka uguse hiyo mfuko. Wasee arobaini wakilipa 30, hiyo ni 1,200 kwa mechi moja. Wikendi ina mechi ngapi? Weka chai, weka smokie, weka mayai. Kama analipia ile ya biashara ama ile ya nyumbani mimi sijawahi uliza, na wewe usiulize.

Huyo buda ndio amenifunza hii kitu yote. Yeye ananunua mwezi anauza dakika tisini. Kampuni ilikataa kutupimia, akatupimia yeye.

Na dekoda bado iko na silaha moja kali, na ni mpira. Huku kwetu Premier League na Champions League ziko SuperSport, na SuperSport ni nyumba moja na DStv. Bongo vile vile: 2021 Azam, nao wa dekoda, waliweka mkataba wa miaka kumi wa ligi kuu ya Tanzania Bara, shilingi bilioni 225.6 za huko. Si mchezo. Mpira ndio imeshikilia dish ukutani. Toa mpira leo, kesho wale wasee wa kununua vyuma chakavu watakuwa wameomoka.

Na kuna ile nusu dakika. Niliuliza beste mmoja wa mambo ya mitandao mbona mimi huwa wa mwisho kujua goli. Akaniambia striming inakata video vipande vipande, inavirusha kwa sava, na simu yako inaweka vipande kadhaa akiba kabla ianze kukuonyesha, ndio isikwame kwame. Ile akiba ndio inakuchelewesha. Setilaiti nayo inachelewa, lakini kidogo tu. Kwa series haina noma, hakuna jirani atakupigia kelele ya mauaji kabla uyaone. Kwa mpira ni ngori. Na kama wewe ni wa kubet mechi ikiendelea na unaicheki kwa striming, ndugu yangu, unacheza karata na msee ameona zako.

Juzi kulikuwa na final moja. Nilijipanga, chipo mwitu mezani, soda baridi. Dakika ya themanini waifai ikazima kama koroboi imepigwa na upepo. Provaida wangu simtaji. Nikapiga kastoma kea, nikapewa muziki, muziki poa hata, ikicheza mpaka mwisho. Nilishuka floo sita na kandambili, nikalipa finje nzima kucheki dakika kumi. Buda wa base hakunionea huruma. Alisema tikiti ni tikiti.

"Si utafute link?" Hiyo ndio ushauri kila mtu hukupea. Link iko, najua. MultiChoice, wenye DStv, walienda korti juu ya hizo link, na 2022 Mahakama Kuu ikaamuru Safaricom na Jamii Telecommunications wafunge tovuti za kuonyesha mpira bila ruhusa. Moja ikifungwa, kesho imezaa. Lakini sitakudanganya ati ni raha. Kufika kwa mechi unapita matangazo ya kasino kumi na mbili, kila moja iko na alama ya kufunga yenye ni feki, ukiigusa inakufungulia kasino ingine. Ukifika, komenta anaongea Kirusi. Mtu amelipa kitu hapo, ni vile tu si pesa.

Na majuu? Huko mambo ishaenda. Mei 2025 kampuni ya Nielsen, wale wa kupima nani anacheki nini, walisema striming Marekani imechukua asilimia 44.8 ya muda wote wa TV, na TV za hewani na za kebo zikiunganishwa zimepata 44.2. Ilikuwa mara ya kwanza. Huku Afrika, MultiChoice wenyewe walipoteza wateja milioni 2.8 kwa miaka miwili hadi Machi 2025, wakabaki na milioni 14.5, na Septemba ya mwaka huo Canal+ ya Ufaransa ikawachukua. Ukisoma hizo namba haraka utasema stori imeisha.

Mimi nazisoma polepole. Hiyo striming yenye imeshinda huko Marekani inaanza kuvaa nguo za marehemu. YouTube TV ilianza 2017 ikiwa dola 35 kwa mwezi, kufika Januari 2025 ikawa dola 82.99. Netflix waliweka matangazo Novemba 2022, wakaanza kukimbizana na wenye kushare paswedi 2023, na sasa wanataka vitu vya laivu, vya kuanza saa fulani. Novemba 2024 walionyesha Mike Tyson, buda ya miaka 58, akipigana na Jake Paul. Huku ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Walisema nyumba milioni 60 zilicheki, na watu kibao dunia nzima wakaona kaduara kanazunguka pale ngumi zinafaa kuwa. Miezi miwili baadaye wakaanza mieleka ya WWE kila wiki, siku yake, saa yake. Siku yake, saa yake! Mathe angewaambia hiyo bure.

Na upande huu dekoda nao wanajifanya striming. DStv iko na apu, unacheki kwa simu bila dish. Kwa hivyo nani anazika nani? Wanabadilishana mashati tu.

Kuna mahali moja lakini striming imeshinda na sitaki ubishi, na ni siku zenye serikali imekasirika. 30 Januari 2018, Raila Odinga wa upinzani akijiapisha Uhuru Park, stesheni kubwa zilizimwa. Watu wakahamia YouTube na Facebook, simu moja watu sita. 25 Juni 2025 tena, maandamano iko moto, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru laivu ikome na mitambo ya stesheni kadhaa ikazimwa, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha hiyo amri jioni. Mayut wa ploti yetu hata hawakujua TV imezima. Nani alikuwa anacheki TV? Mathe ndio alinipigia: "Mbona hii stesheni imeenda?" Nikamtumia link. Hiyo moja ilifunguka bila kasino.

Sasa ukinibana nikupe jibu, ni hii. Ile dekoda ya kulipa mwezi mzima ndio uone mpira ya siku nne, hiyo inaenda, na haitarudi na wimbo wala na ofa ya Krismasi. Saa mbili ya mathe haiendi popote, itabadilisha tu waya. Na base itabaki, juu hata siku kila msee atakuwa na skrini yake na intaneti haikwami, bado goli ya peke yako kejani ni goli ya huzuni. Nimejaribu. Unaruka, unaangalia kando, kuna ndoo.

Mimi mwenyewe dekoda sitanunua. Ya mathe nitalipa mpaka aseme imetosha.

Na wewe mwenye unauza TV ya kulipia, huko juu kwa ofisi ya vioo, skiza mteja mwenye ulimpoteza. Sitaki kifurushi cha chaneli mia na hamsini, sitaki za kupika, sitaki za Kireno. Nataka mechi moja, Jumapili, dakika tisini na za majeruhi. Niuzie finje, nilipe na M-Pesa, ikiisha ijifunge. Na ile nusu dakika uitoe.